Gari la Jumatatu, Jumatano na Ijumaa

Fundi Sikio alikuwa ameegemea ukuta wa duka la matairi, anatafuna mkate bila chai, aliposikia riziki inakuja. Aliisikia kabla hajaiona. Ilikuja kwa kushtuka: gari linakwenda vizuri, linashtuka, linakwenda vizuri, linashtuka tena mara tatu mfululizo, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi katikati ya hotuba. Kisha likatulia. Likapinda kona kwa adabu, likaonekana: stesheni wagoni ya zamani, rangi ya maziwa, imesuguliwa mpaka inang'aa.

Sikio akameza mkate wote uliobaki kwa mkupuo mmoja.

Watu hudhani tapeli wa magari hupenda gari lililokufa. Si kweli. Gari lililokufa husukumwa mpaka kwa fundi mwaminifu, ugonjwa ukaonekana, ukatibiwa, basi. Gari zima nalo halina haja na mtu. Lakini gari linaloumwa saa nne na kupona saa tano, hilo ni shamba lenye mbolea. Ulifanyie lolote, hata ulipulizie tu, litapona lenyewe na utashukuriwa wewe. Ugonjwa ukirudi, unasema huu ni mwingine.

Tena wiki hiyo kulikuwa na sababu ya pili. Bwana mmoja mwenye kukodisha magari ya maharusi alikuwa amepita mtaa mzima akitangaza kwamba anatafuta stesheni wagoni ya zamani ya rangi ya maziwa, na akiipata kabla mwezi haujaisha hatabishana bei. Sikio alikuwa ameitafuta siku tisa. Sasa ilikuwa inamjia yenyewe.

Akaruka barabarani, mikono juu.

"Mama, simama! Simama kwa usalama wako!"

Gari likasimama pale pale vilipokuwa vidole vyake vya miguu. Aliviokoa kwa kurudi nyuma.

"Nimekugonga?" aliuliza bibi aliyekuwa kwenye usukani. Pua yake ilikaribia kugusa kioo.

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu sogea nikuone. Wewe ni askari wa barabarani?"

"Mimi ni fundi. Nimesikia gari lako linalia."

"Kumbe linalia? Mimi nilidhani linakohoa."

Pembeni yake aliketi bibi mwingine, mwembamba, amejitanda shali, mkoba magotini, shingo imenyooka kama anapigwa picha. "Muulize ni fundi wa gereji gani," alisema bila kugeuka.

"Sina gereji, mama mdogo," Sikio akajibu. "Gereji hukaa mahali pamoja. Magonjwa yanatembea."

"Maneno mazuri," alisema yule mwembamba. "Mahakamani tulikuwa nayo mengi."

Hivyo ndivyo alivyofahamiana nao. Wa kwenye usukani alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule walikuja duniani kupitia mikono yake, na wote walimwita Mama Mkunga, pamoja na wale waliokuja kwa njia nyingine. Mwembamba alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na nane. Karani alipostaafu, figo zake nazo zikastaafu. Tangu hapo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilibidi afike hospitali saa mbili kamili asubuhi, alazwe kando ya mashine, asafishwe damu. Akikosa siku moja anavimba. Akikosa mbili, hapo hakuna aliyependa kumalizia sentensi nyumbani kwao.

"Kwa hiyo gari hili likitugomea njiani," alisema Mama Mkunga, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza dukani, "itabidi nimbebe mgongoni. Na macho yangu yenyewe yameanza kufanya ukungu. Daktari ananiambia niache kuendesha. Nikamwuliza, na huyu aendeshwe na nani? Akanyamaza. Kijana mzuri, lakini alinyamaza."

Sikio alisikia neno moja tu katika maelezo yote hayo: hofu. Akafurahi moyoni, kisha akavaa uso wa msibani.

Akafungua boneti. Kwenye kisanduku chake mlikuwa na spana tatu na kipande cha mpira wa bomba la maji, urefu wa mkono. Ncha moja akaitia sikioni, nyingine akaigusisha kwenye injini, akafumba macho. Huo ndio ulikuwa ufundi wake wote. Alijifunza umakanika miezi mitatu, akaondoka kabla ya kufika somo la kufungua injini, na ndiyo maana mikono yake ilikuwa safi kuliko ya mafundi wote mjini. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza kwa nini.

"Moyo," alisema hatimaye. "Moyo wa injini una ufa."

"Injini ina moyo?" Mama Mkunga akauliza.

"Za zamani zinao."

"Na ufa huo unatibika?"

"Mama, nisikudanganye. Hautibiki. Gari kama hili mtu huliuza likiwa bado linatembea, hata kwa wauza vyuma chakavu, kabla moyo haujapasuka akabaki na bati."

Mama Mkunga alimtazama kwa muda. Hakuwa anamwona vizuri, lakini alimtazama.

"Una hakika, mwanangu?"

Aliuliza kwa upole, kama alivyozoea kuwauliza waume vijana kama wana hakika wanataka kubaki chumbani.

"Nina hakika kama ninavyokuona."

"Basi vizuri. Ila mimi nina ugonjwa wangu wa kazi. Sikuwahi kumzalisha mtu kwa kuambiwa tu kwamba uchungu umeanza. Nilikuwa naketi naye. Naandika: umekuja saa ngapi, umekaa muda gani, alikuwa anafanya nini kabla. Kuna uchungu wa kweli na kuna wa uongo, na huwezi kuutofautisha ukiwa na haraka." Akamshika Sikio kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto na wenye nguvu. "Na ilikuwa sheria yetu. Ukishamgusa mzazi, huondoki mpaka mwisho. Wewe umeligusa gari langu. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu uje uendeshe, mimi nikae nyuma na daftari."

"Lakini mama, mimi nina wateja..."

"Atakuja," alisema Karani, bado hajageuza shingo.

Sikio alihesabu kwamba Jumatatu moja haimwui mtu. Gari litashtuka mara mbili, bibi ataogopa, atauza. Akakubali.

Jumatatu gari lilikwenda kama maji kwenye mfereji. Sikio aliendesha huku ameinamisha sikio, akiliomba kimoyomoyo lishtuke hata kidogo. Alilipeleka kasi. Alilipeleka taratibu. Alilipitisha kwenye mashimo kwa makusudi mpaka Karani akauliza kama barabara ilikuwa na kosa lolote. Hakuna kitu. Nyuma kalamu ilikuwa inakwaruza.

"Soma ulichoandika," Karani akamwambia dada yake.

"'Saa moja na dakika arobaini. Limetulia. Fundi anatokwa jasho.'"

Hospitalini lifti ilikuwa na karatasi iliyobandikwa mlangoni, na karatasi yenyewe ilikuwa imeshazeeka. Chumba cha mashine kilikuwa juu, ngazi ishirini na mbili. Karani alizitazama ngazi. Mama Mkunga alizitazama ngazi. Sikio alitazama viatu vyake. Kisha akaweka kisanduku chini, akamnyanyua Karani mikononi, akapanda naye. Alikuwa mwepesi kuliko kisanduku.

"Unabeba vizuri," alisema Karani akiwa kifuani pake, kama anayethibitisha nyaraka. "Umeshawahi kumbeba mtu?"

"Mama yangu," alijibu Sikio, kabla hajapata nafasi ya kuchagua uongo. Alipofika juu alijutia. Hakuwa na desturi ya kutoa ukweli bure.

Jumatano gari lilishtuka. Likashtuka vizuri sana, kwenye kilima, mara saba, mpaka mkoba wa Karani ukaruka magotini. Sikio akapiga kelele kwa furaha na kuigeuza kelele ile kuwa kilio: "Mmesikia? Moyo huo!"

"Egesha pembeni," alisema Mama Mkunga akitazama saa yake kwa karibu sana. "Dakika thelathini na tano tangu tutoke. Jumatatu tulitoka vipi? Tulipitia kituo cha mafuta kwanza. Leo hatukupitia." Akaandika. Kisha akashuka, akazunguka nyuma ya gari polepole, akishikilia bodi. Sikio alikuwa ameshafungua boneti na kutia mpira sikioni, anaguna kwa huzuni. Alipomaliza kuguna, Mama Mkunga alikuwa ameshakaa tena mahali pake.

"Jaribu sasa."

Gari likaenda bila neno mpaka hospitali.

"Limepona?" Karani akauliza.

"Limepumzika tu, mama mdogo. Moyo ukipumzika kidogo hudanganya."

"Una hakika bado ni moyo, mwanangu?" Mama Mkunga akauliza kutoka nyuma. Hiyo ilikuwa mara ya pili, na aliuliza vile vile, bila kupandisha sauti.

"Mama, nimesikiliza injini tangu nikiwa na nywele nyingi. Ni moyo."

Kalamu ikakwaruza kwa muda mrefu.

Baada ya siku ile, ugonjwa wa gari ulianza kuwa na tabia ya ajabu. Sikio akija amenuna, amepanga kusema leo ndiyo mwisho, nina kazi zangu, basi siku hiyo gari linashtuka sana na kumpa matumaini mapya. Akija mchangamfu, tayari kudai uamuzi, gari linanyamaza, na Mama Mkunga anasema huwezi kumpeleka mtu leba hana uchungu. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Sikio alikuwa anaamka kabla ya jua, mtu ambaye kabla ya hapo alidhani saa kumi na mbili asubuhi ni uvumi. Alijua sasa kwamba Karani hapendi dirisha wazi, kwamba akitoka kwenye mashine husikia baridi mpaka kwenye mifupa, na kwamba shali inatakiwa iwekwe kwenye kiti mapema ipate joto la jua. Aliiweka mwenyewe. Alijiambia ni mbinu ya kazi.

Nao walimjua. Mama Mkunga aligundua kwamba fundi akishuka kwenye gari hushika kiuno kwanza. Siku iliyofuata Sikio alikuta mto mdogo kwenye kiti cha dereva, umeshonwa kwa vitambaa vya vitenge vilivyochanganyika. Hakuna aliyeutaja. Aliukalia.

Siku tano kabla ya mwisho wa mwezi, mwenye magari ya maharusi alimpitia pale kwenye duka la matairi.

"Vipi, fundi? Nimeambiwa kuna nyingine mji wa pili. Nikusubiri au nisikusubiri?"

"Nisubiri," alisema Sikio. "Jumatatu asubuhi unayo."

Jioni akaketi na shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye Sikio alikuwa anaishi kwake. Shemeji alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye sura ya kuomba radhi. Alikuwa ameweka akiba ya kuezeka upya nyumba, kwa sababu paa lilivuja juu ya kitanda chake mwenyewe.

"Shem, nikizitoa hizo, mabati je?"

"Wiki ijayo utaezeka kwa vigae."

"Na dada yako akiuliza?"

"Dada asiulize. Wewe utavaa ovaroli, utakuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hunijui, sikujui. Usiongee sana."

"Sijawahi kuongea sana," alisema shemeji kwa masikitiko.

Ijumaa Sikio aliwaambia akina bibi kwamba kuna mnunuzi wa vyuma chakavu mjini, na Mama Mkunga akakubali kuuza. Jumamosi saa nne walikuwa sebuleni kwao. Sebule ilikuwa ndogo na safi: meza yenye kitambaa kilichofumwa, saa ya ukutani, picha za watoto wachanga wasiohesabika, wote wamekunja uso kwa namna moja. Karani alikuwa ameketi mezani, miwani puani, mbele yake karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono. Mwandiko wake ulikuwa umesimama wima kama askari kwenye gwaride.

"Mnunuzi," alisema. "Na fundi aliyethibitisha ugonjwa. Mnajuana?"

"Hapana," walisema wote wawili, kwa pamoja, kama kwaya.

"Naandika, hawajuani. Mnunuzi, unakaa wapi?"

"Nyumba ya buluu nyuma ya kiwanda cha magodoro," alisema shemeji, ambaye mbele ya fomu hakuwahi kudanganya maishani.

"Fundi?"

Sikio alikuwa anatazama dirishani, gari linang'aa uani, anawaza bibi harusi ameketi ndani yake. "Nyumba ya buluu nyuma ya kiwanda cha magodoro," alisema.

Karani hakuinua macho. Aliandika.

Kisha akaanza kusoma mapatano. Alisoma yote, neno kwa neno, kwa sauti ile ya miaka thelathini na nane ya mahakamani, sauti isiyopanda wala kushuka, ambayo ndani yake mahakimu walisinzia na wezi wakakiri. "Kwa kuwa muuzaji... na kwa kuwa mnunuzi... ambaye katika mapatano haya... isipokuwa pale ambapo..." Shemeji aliganda mdomo wazi. Sikio alisikiliza kifungu cha kwanza. Cha pili alisikiliza nusu. Kufikia cha tatu alikuwa ameshampokea mwenye magari ya maharusi mlangoni, wameshapeana mikono, ameshamnunulia dada yake vigae, na yeye mwenyewe ana gereji yenye bango.

"...na hicho ndicho kifungu cha tisa na cha mwisho," alisema Karani. "Mmesikia vyote?"

"Vyote," alisema Sikio akishtuka.

Mama Mkunga alikuja na birika, akaliweka mezani, akasimama karibu naye. Harufu ya sabuni ilimtoka mikononi.

"Mwanangu, kabla hujatia sahihi. Una hakika gari hili linakufa? Ukisema hapana sasa hivi, tutachana karatasi hizi, tutakunywa chai, na sitakuuliza kitu."

Kwa muda mfupi, si zaidi ya pumzi moja, Sikio aliziona ngazi ishirini na mbili. Aliuhisi mto kiunoni ingawa hakuwa ameukalia. Kisha akamwona mwenye magari ya maharusi akigeuza gari lake kuelekea mji wa pili.

"Nina hakika, mama," alisema.

"Haya," alisema Mama Mkunga, na ilionekana kama amehuzunika kidogo. "Wape kalamu."

Wakatia sahihi, mnunuzi na fundi. Fedha za mabati zikahama kutoka kwenye ovaroli la kuazima kwenda chini ya kitambaa cha meza. Funguo zikawekwa mkononi mwa Sikio. Alishangaa jinsi zilivyo nyepesi.

"Na hii nayo ni yako," alisema Mama Mkunga, akampa kifuniko cha tangi la mafuta. "Kilichomo kwenye gari sasa ni kipofu. Cha zamani kilipotea, nikauziwa hicho, hakina tundu. Tangi linatoa mafuta, hewa haiingii, mwishowe gari linavuta hata tone halipati, linashtuka. Ukifungua kifuniko linavuta pumzi, fyuuu, linaendelea. Niliisikia hiyo pumzi Jumatano ile ya kilima, ulipokuwa umetia mpira sikioni. Kesho yake nikanunua hiki chenye tundu."

Sikio alikitazama kifuniko. Shemeji alimtazama Sikio.

"Lakini... liliendelea kushtuka wiki zote baada ya hapo."

"Nilikuwa navibadilisha. Nikiona umechoka na sisi, naweka kipofu. Nikiona una haraka, naweka chenye tundu. Niwie radhi, mwanangu. Mtoto wa mwenzangu huyu hakuwa na mtu wa kumpeleka."

"Mimi si mtoto wa mwenzako, mimi ni mdogo wako," alisema Karani.

"Nimekulea mimi. Kunywa chai."

Lazima ikubalike kwamba Sikio alijikaza. Alikuwa ametapeliwa sababu, lakini gari lilikuwa lake, tena zima, tena zima kuliko alivyotarajia. Akaanza kutabasamu. Akanyanyuka. "Basi akina mama, kwaherini, Mungu awaweke..."

"Kifungu cha nne," alisema Karani.

Sikio akasimama.

"'Mnunuzi atampeleka mdogo wa muuzaji hospitali kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa na kumrudisha, kwa gari hili hili, mafuta yake, matairi yake na matengenezo yake, mpaka huyo mdogo atakapomwachilia kwa maandishi.' Kifungu cha tano: 'Dereva atakuwa fundi mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyethibitisha kwamba anaijua hali ya gari kuliko mtu yeyote. Ufunguo wa pili utabaki kwa muuzaji.' Cha sita: 'Gari halitauzwa wala kukodishwa. Likiuzwa au mgonjwa akikosa siku, gari linarudi na malipo hayarudi.' Cha saba ni cha kumbeba kwenye ngazi, nimekiweka kwa sababu lifti haiaminiki."

"Mama mdogo, mimi sikusikia..."

"Nimesoma kwa sauti. Dada yangu aliye nusu kipofu amesikia." Akazikunja karatasi mara mbili, kwa upendo. "Unaweza kwenda mahakamani. Wananijua pale. Utawaeleza mnunuzi usiyemjua mnakaaje nyumba moja, na moyo wa injini umeponaje kwa kifuniko."

Shemeji alitoa sauti kwa mara ya kwanza tangu aseme anwani.

"Shem," alisema mbele ya wote, "mabati."

Walipotoka uani, Sikio alisema yale ambayo kila tapeli husema akizibiwa njia: kwamba bado ana mpango. Karatasi ni karatasi, gari ni gari. Jumatatu alfajiri, kabla bibi hawajanawa uso, gari litakuwa kwa mwenye maharusi, fedha zitakuwa mfukoni, na yeye atakuwa safarini kwenda kokote ambako hakuna hospitali. Shemeji aliangalia mawingu.

Jumapili ilinyesha. Usingizi haukumjia Sikio, na si kwa sababu ya sufuria zilizowekwa chini ya matone. Mara mbili alijikuta anawaza nani atampandisha mama mdogo zile ngazi. Mara mbili alijigeuza upande wa pili.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alitoka kwa kunyata, viatu mkononi, kamkoba begani. Mvua ilikuwa imekatika. Gari lilikuwa mbele ya nyumba ya buluu, linatiririka matone. Akafungua mlango wa dereva, akaingia, akavuta pumzi ya uhuru.

"Umefuta miguu?" ilisema sauti kutoka nyuma.

Walikuwa wameketi wote wawili, wamejitanda, mkoba magotini, daftari magotini.

"Tumekuja mapema tusikusumbue kupiga hodi," alisema Mama Mkunga. "Mwenye teksi katuleta, nilimpokea mimi alipozaliwa, alitanguliza miguu. Anwani tuliitoa kwenye karatasi."

"Ufunguo wa pili," alisema Karani. "Kifungu cha tano."

Sikio alitazama mbele. Kushoto barabara ilikwenda kwa mwenye magari ya maharusi, ambaye bila shaka alikuwa ameshaamka. Kulia ilikwenda hospitali. Katika kioo cha juu aliwaona bibi wawili, mmoja hamwoni, mwingine anamwona sana. Vidole vya Karani vilikuwa vimeanza kuvimba, kama vilivyovimba kila Jumatatu baada ya siku mbili bila mashine. Pete yake ilikuwa imebana.

"Na hako kamkoba?" Mama Mkunga akauliza. "Unasafiri?"

"Vifaa vya kazi, mama."

"Una hakika, mwanangu?"

Sikio aliweka kamkoba chini ya kiti. Alivaa viatu, akawasha gari, akaachia breki. Kwenye njia panda alikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa hapakuwa na gari lolote linalokuja. Kisha akapinda kulia.

Lifti ilikuwa bado na karatasi yake. Alipofika ngazi ya kumi na tano, Karani mikononi, pumzi zinamwisha, mlinzi wa hospitali alikuwa anashuka. Alisimama kuwapisha, akamtazama Sikio kwa heshima kubwa.

"Hongera, kaka. Siku hizi vijana kama nyinyi ni wachache. Wewe ni mwanawe au mkwewe?"

"Mimi ndiye mwenye gari," alisema Sikio.

Lilikuwa jambo la kweli, la kwanza alilomwambia mtu asiyemjua tangu mwezi ule uanze, na halikumsaidia chochote.

"Zimebaki saba," alisema Karani. "Usisimame katikati, nitaandika."